Jesse Owens: Mstari haukumuuliza ni mtoto wa nani

Kila mwaka wa mashindano makubwa ukikaribia, barazani maneno huwa ni yale yale. Nani kachukuliwa, nani kaachwa, na aliyeachwa kaachwa kwa nini. Mwaka 2012 tuliyasema sana, pale timu ya marathoni ya Kenya ilipotajwa kwenda London na jina la Patrick Makau halimo, naye ndiye aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia. Geoffrey Mutai naye hakuwamo, ingawa mwaka mmoja nyuma alikuwa amemaliza Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, kasi ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameifikia katika marathoni yoyote. Timu ile haikupatikana kwa mchujo. Watu walikaa chumbani, wakapima, wakatoka na majina. Mbio za uwanjani tunao mchujo, lakini hata huko mara nyingi wawili wa kwanza ndio wanaopita moja kwa moja, na wa tatu anabaki mikononi mwa wateuzi.

Wamarekani wana njia yao ya zamani, nayo ni kavu kama mwamba wa baharini. Wanaitana mahali pamoja, wanakimbia, na watatu wa kwanza katika kila shindano ndio timu. Ukiwa bingwa wa dunia ukateleza siku hiyo, unabaki nyumbani. Dan O'Brien, bingwa wa dunia wa mashindano kumi, aliukosa msafara wa Barcelona mwaka 1992 kwa sababu siku ya mchujo alishindwa kuruka hata urefu mmoja kwa upondo.

Leo nataka tumtazame mtu ambaye sheria hiyo ndiyo iliyompa njia, kisha akaja kupata nishani yake ya mwisho siku ambayo sheria hiyo hiyo ilivunjwa. Jina lake kila mmoja wetu amelisikia. Ila sisi huku humjua Jesse Owens kwa kisa kimoja tu, cha Hitler na Berlin. Mimi naona kisa kikubwa zaidi ni jinsi alivyofika huko Berlin.

Alizaliwa tarehe 12 Septemba 1913 huko Oakville, jimbo la Alabama, kitinda mimba wa watoto kumi wa Henry na Mary Emma Owens. Babu zake walikuwa watumwa. Baba yake alilima shamba la mtu mwingine kwa makubaliano ya kugawana mavuno, na mgao huo wote tunajua huwa unamwendea nani. Mtoto mwenyewe alikuwa dhaifu, kifua kikimsumbua kila msimu wa baridi. Jina alilopewa ni James Cleveland, nyumbani wakimwita kwa herufi mbili tu, J.C. Familia ilipohamia mji wa Cleveland, Ohio, yeye akiwa na miaka tisa hivi, mwalimu mpya alimuuliza jina, naye akalitamka kwa lafudhi ya kusini. Mwalimu akasikia Jesse, akaandika Jesse. Mtoto akanyamaza. Ndilo likabaki.

Huko Cleveland akakutana na mwalimu wa michezo aitwaye Charles Riley, Mzungu, mtu wa makamo. Riley aliona miguu ya huyu kijana akataka kumfundisha baada ya masomo. Tatizo ni kwamba baada ya masomo Jesse alikuwa na vibarua vya kusaidia nyumbani. Wengi wangeliishia hapo. Riley akakubali kumfundisha alfajiri, kabla ya kengele ya kwanza, na akafanya hivyo miaka kadhaa. Mimi kila nikisoma habari za wanariadha wakubwa namtafuta mtu wa aina hii, yule aliyeamka mapema bila kulipwa. Karibu kila mara yupo.

Mchujo wake wa kwanza wa Olimpiki ulikuwa mwaka 1932, bado ni mwanafunzi wa sekondari. Hakufika mbali. Alikwenda kwenye mchujo wa awali wa kanda yake, akashindwa na vijana wakubwa kuliko yeye, akarudi nyumbani na Olimpiki ya Los Angeles ikafanyika bila yeye. Hakuna aliyelalamika kwamba kaonewa. Wenzake walitangulia mstarini, basi. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari mjini Chicago, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 9.4, akaifikia rekodi ya dunia.

Lakini msomaji asidhani kuwa mwaka ule wa 1932 mchujo uliheshimiwa kwa kila mtu. Wasichana wawili weusi, Tidye Pickett na Louise Stokes, walikuwa wamepita mchujo na kuingia kikosi cha mbio za kupokezana vijiti. Walisafiri na timu hadi Los Angeles. Walipofika, viongozi wakaamua waliokimbia wawe wengine, wote weupe, na wale wawili wakakaa jukwaani kutazama. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Owens akaingia Chuo Kikuu cha Ohio State, chini ya kocha Larry Snyder. Hakupewa ufadhili wa masomo. Alijilipia kwa kazi, mojawapo ikiwa kuendesha lifti katika jengo la serikali ya jimbo. Hakuruhusiwa kulala katika mabweni ya chuo pamoja na wenzake weupe, na timu iliposafiri alitafutiwa hoteli za watu weusi na kula mbali na wale aliowapatia ushindi. Tarehe 25 Mei 1935, huko Ann Arbor, Michigan, alifika uwanjani na maumivu ya mgongo baada ya kuanguka kwenye ngazi siku chache nyuma. Kocha alitaka kumpumzisha. Yeye akaomba ajaribiwe katika mbio ya kwanza tu, waone itakavyokuwa. Kwa muda wa dakika 45 hivi alifikia rekodi ya dunia ya yadi 100, akaruka mbali mita 8.13, akaweka rekodi ya yadi 220, kisha ya yadi 220 kuruka viunzi vya chini. Ule mruko mmoja, kwani aliruka mara moja tu siku hiyo, ulikaa katika vitabu vya rekodi miaka 25.

Baada ya siku kama hiyo, kwetu sisi jina lake lingeandikwa kwenye orodha ya Olimpiki kwa wino mzito na hakuna ambaye angeuliza. Kwa Wamarekani halikuandikwa. Ilikuwa bado mwaka mmoja na zaidi, na ndani ya mwaka huo alijitokeza mtu aliyekuwa akimshinda.

Mtu huyo aliitwa Eulace Peacock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Temple, mweusi kama Owens na mzaliwa wa Alabama kama yeye. Tarehe 4 Julai 1935, wiki chache tu baada ya zile rekodi za Ann Arbor, walikutana katika mashindano ya taifa mjini Lincoln, Nebraska. Peacock alimpiga Owens mita 100, akampiga na kuruka mbali, akivuka karibu mita nane. Na haikuwa bahati ya siku moja, kwani alimshinda tena na tena msimu ule. Kufikia mwisho wa 1935 mtu mwenye busara angeliweza kabisa kusema kwamba nyota wa Berlin atakuwa Peacock. Basi mwezi Aprili 1936, akikimbia mbio za kupokezana vijiti huko Philadelphia, msuli wa nyuma ya paja ukachanika. Miezi mitatu kabla ya mchujo.

Mchujo wa mwisho ulifanyika tarehe 11 na 12 Julai 1936 katika uwanja mpya kabisa wa kisiwa cha Randall's, jijini New York. Siku hiyo hiyo ya tarehe 11 ndipo lilipofunguliwa daraja kubwa la Triborough linalopita juu ya kisiwa hicho, Rais Roosevelt akiwapo. Jiji lilikuwa katikati ya wimbi la joto kali. Wanariadha walikuwa wamekwisha kuchujwa mikoani, na waliofika hapo walijua hesabu ni moja: watatu. Wa nne anarudi kwao, hata kama amepishana na wa tatu kwa upana wa kifua.

Peacock alikuja. Alijifunga bendeji, akajaribu, mguu ukakataa. Hakupata nafasi. Hapakuwa na kamati ya kumfikiria, ya kusema huyu kijana alimshinda Owens mwaka jana, tumpe wiki tatu apone. Ukitaka kuuchukia mchujo, chukua kisa cha Peacock, kitakutosha. Ni yeye niliyemfikiria zaidi nilipokuwa nikiandika haya, maana sina jibu kwake. Sheria inayomwacha nje mwenye kasi kuliko wote kwa sababu ya msuli mmoja ni sheria kali, na anayesema si kali hajawahi kuumia.

Owens alishinda mita 100. Nyuma yake wakafika Ralph Metcalfe, aliyekuwa mshindi wa pili wa Olimpiki iliyopita, na Frank Wykoff wa California. Akashinda kuruka mbali. Kesho yake akashinda mita 200 kwa sekunde 21.0, na wa pili akawa Mack Robinson, kaka yake Jackie Robinson aliyekuja kuwa maarufu katika besiboli. Metcalfe, pamoja na ukubwa wake na nishani yake ya shaba ya mita 200 ya mwaka 1932, hakuwamo katika watatu wa mita 200, na akaikosa mbio hiyo Berlin. Hakuna aliyemuombea.

Sasa tazama kilichotokea. Marekani ya mwaka 1936 ilikuwa nchi ambayo Owens hangeweza kula katika hoteli nyingi wala kupiga kura Alabama alikozaliwa. Kama timu ingeteuliwa na mabwana wa kamati mezani, sidhani kama wangeketi wakaandika majina ya watu weusi kwa wingi vile. Lakini waliotia miguu katika meli Manhattan tarehe 15 Julai, wanariadha weusi wa mbio na miruko walikuwa kumi na wawili, wanaume kumi na wanawake wawili. Wale wanawake ni Pickett na Stokes. Walikuwa wamerudi kujaribu tena. Mstari wa kumalizia uliwapitisha, na hakuna mtu wa kamati aliyekuwa na pa kuweka mkono.

Ila palikuwa na pahali pamoja palipobaki wazi, nako ni mbio za kupokezana vijiti. Kwa desturi ya wakati ule, watatu wa kwanza wa mita 100 walikimbia mbio yao, na waliofuata nyuma yao katika fainali ya mchujo wakaingia katika kikosi cha mita 100 mara nne. Katika hao walikuwamo Foy Draper, Marty Glickman na Sam Stoller. Glickman, kijana wa miaka 18, alishikilia hadi uzeeni kwamba waamuzi wa kisiwa cha Randall's walimshusha nafasi kuwapendelea vijana wa California, maana siku hizo mshindi alitambuliwa kwa macho ya watu waliosimama pembeni. Hata mstari, basi, una wasomaji wake. Lakini angalau alipita.

Berlin kila mtu anaijua. Tarehe 3 Agosti Owens alichukua mita 100 kwa sekunde 10.3, tarehe 4 akaruka mita 8.06 mbele ya Mjerumani Luz Long, ambaye alikuwa wa kwanza kumpongeza mbele ya umati, na tarehe 5 akamaliza mita 200 kwa sekunde 20.7. Dhahabu tatu kwa siku tatu, na zote tatu zimetokana na nafasi alizozipata mwenyewe New York.

Ile ya nne ndiyo yenye maneno. Mazoezi ya kupeana kijiti yalikuwa yakifanywa na Stoller, Glickman, Draper na Wykoff. Palifanywa hata mbio ya majaribio huko huko Berlin, na Stoller akatangulia, Glickman akafuata, Draper akawa wa tatu. Asubuhi ya siku ya mbio za awali, tarehe 8 Agosti, wakimbiaji waliitwa katika mkutano. Kocha mkuu Lawson Robertson akawaambia kwamba Wajerumani wameficha wakimbiaji wa hatari, kwa hiyo Stoller na Glickman watoke, waingie Owens na Metcalfe. Draper, aliyekuwa nyuma ya wote wawili katika majaribio, akabaki. Draper na Wykoff walikuwa wanafunzi wa Dean Cromwell, kocha msaidizi, wa chuo cha Southern California. Na Stoller na Glickman walikuwa Wayahudi, katika jiji la Hitler, chini ya Avery Brundage, rais wa kamati ya Olimpiki ya Marekani aliyepigana kufa na kupona timu isisusie michezo ile.

Kwa simulizi ya Glickman, Owens alisimama akasema ameshapata nishani zake tatu, amechoka, waacheni hawa wakimbie, ni haki yao. Cromwell akamwambia afanye alivyoamriwa. Akafanya. Mimi simlaumu. Kijana mweusi wa miaka 22, hana mshahara, na kila mtu chumbani mle alikuwa na uwezo wa kumkatia riziki. Hata kule kusema peke yake kulihitaji kifua.

Wajerumani waliofichwa hawakuonekana. Marekani walimaliza kwa sekunde 39.8, rekodi ya dunia iliyodumu miaka 20, Waitaliano wakafuata kwa 41.1 na Wajerumani kwa 41.2. Kwa mwanya ule, Stoller na Glickman wangekimbia na dhahabu ingekuja vile vile. Brundage alikanusha kwamba dini yao ilihusika. Robertson na Cromwell walisema ni hesabu za ushindi tu. Watu wanaweza kubishana kilichokuwa mioyoni mwao, lakini majina mawili yalishinda uwanjani na kushindwa chumbani, na hilo halina ubishi. Louise Stokes naye, katika michezo hiyo hiyo, alikaa tena jukwaani hakukimbizwa. Pickett alipata kuingia mbio za viunzi, mguu ukavunjika katika nusu fainali.

Ya baada ya Berlin nitayapitia haraka, kwani yanaumiza. Viongozi waliwazungusha wanariadha miji ya Ulaya kukimbia mashindano ya kuchangisha fedha, wao wenyewe hawapati kitu. Owens alichoka, akakataa kwenda Sweden, akarudi kwao. Chama cha riadha cha ridhaa kikamfungia. Mbio zake rasmi zikaishia hapo, mwaka ule ule, na kilichomfungia ni karatasi tena, si mtu aliyempita. New York walimpokea kwa gwaride, kisha katika hoteli ya Waldorf-Astoria akapandishwa kwa lifti ya mizigo kwenda kwenye karamu iliyoandaliwa kwa heshima yake. Roosevelt hakumwalika Ikulu. Desemba alikuwa Havana, Cuba, akishindana na farasi ili apate pesa. Alifungua biashara ya kufua nguo, ikafa, akatangazwa kufilisika. Miaka mingi baadaye alipata maisha ya nafuu kwa kutoa hotuba, na mwaka 1976 Rais Ford akamvisha Nishani ya Uhuru. Alikuwa mvutaji sigara mkubwa. Alifariki kwa saratani ya mapafu tarehe 31 Machi 1980 huko Tucson, Arizona.

Wakati huo hapa kwetu Mombasa tulikwisha kuwa na wa kwetu wa kumtaja katika mbio fupi, Seraphino Antao, aliyekwenda Perth mwaka 1962 akarudi na dhahabu za yadi 100 na yadi 220, dhahabu za kwanza za Kenya katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Wazee wanaomkumbuka bado wapo. Niliwahi kumuuliza mmoja wao kwa nini baada ya Antao pwani haikutoa mwingine wa kiwango kile, akacheka, akaniambia niulize kwanza ni mara ngapi watoto wa huku wanapata nauli ya kufika mchujoni Nairobi. Sikuwa na la kusema. Mstari hauulizi mtu ni mtoto wa nani, lakini lazima kwanza ufike ulipochorwa.

Glickman akawa mtangazaji mashuhuri wa michezo jijini New York. Mwaka 1998 kamati ya Olimpiki ya Marekani ilimpa tuzo maalumu, yeye na Stoller, badala ya zile nishani walizozikosa. Stoller alikuwa amekufa miaka 13 nyuma.

Na mwaka 2013 mojawapo ya dhahabu nne za Owens iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 1.4. Alikuwa amempa rafiki yake, mcheza densi Bill Robinson, na ikarithiwa. Nishani za Berlin hazikuandikwa jina la mbio. Aliyeinunua hakuweza kuambiwa kama ni ya mita 100, ya 200, ya kuruka mbali, au ile ya kijiti.